Sarova Stanley Nairobi: lala ndani, kula na kununua fanyia nje (uzoefu wangu)

Niseme mapema kabisa, chumba kililipiwa na ofisi. Kwa hela yangu mimi ningeishia gesti za River Road kama wabongo wengi tunaoingia Nairobi na basi la Namanga. Ila baada ya kukaa pale nimeelewa watu wanalipia nini, na wala siyo kitanda. Kitanda ni kizuri, chumba kimetulia, maji ya moto yapo muda wote, sawa, lakini hayo utayapata hata hoteli za Westlands. Stanley iko kona ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street, yaani ukivuka mlango tu ushaingia mjini kati, na karibu kila nilichotaka kukiona nilikifuata kwa miguu.

Kuhusu hoteli yenyewe sina mengi. Ilianza 1902, ikahamia hapo ilipo 1913, na chini kuna mgahawa wa Thorn Tree wenye mti wa mgunga katikati, zamani wasafiri walikuwa wanabandika vikaratasi kwenye shina lake kuachiana ujumbe. Kunywa kahawa pale mara moja, piga picha, ondoka. Breakfasti ni bufe na ipo ndani ya bei ya chumba kwa hiyo kula kwa nguvu zote, maana lanchi ya humo ndani ni bei ya nyota tano na huko nje kuna vitu vitamu zaidi.

Ukitoka, fuata Kimathi Street mpaka inapokutana na Mama Ngina Street, utamkuta Dedan Kimathi mwenyewe, yule kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkono mmoja kisu mkono mwingine, rasta zimemwagika. Wakoloni wa Kiingereza walimnyonga tarehe 18 Februari 1957 na sanamu ikazinduliwa 2007, miaka hamsini kamili baadaye. Watu wanakaa pembeni yake kusubiriana kama vile hayupo. Mbele kidogo kuna lile ghorofa la duara lililokuwa Hilton, ilifungwa mwishoni mwa 2022. Endelea mpaka Moi Avenue kuna sanamu ya Tom Mboya, waziri ambaye alipigwa risasi mtaa huohuo mwaka 1969, na Nyaraka za Taifa ziko palepale karibu. Ingia humo tafadhali! Wengi wanapita tu wakidhani ni ofisi ya mafaili. Chini kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, vinyago, silaha, mapambo, nguo, kutoka Afrika nzima. Mwenzangu alitaka tutoke haraka, mimi nikamwambia dada tangulia tutakutana hotelini.

Kitu kilichonigusa zaidi kama mtu wa Dar ni zile sanamu za askari na wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia pale Kenyatta Avenue. Nilipoziona nikasema hizi mbona nazijua? Kumbe aliyezichonga, James Alexander Stevenson, ndiye huyohuyo wa Sanamu ya Askari yetu pale Samora. Ya kwetu ni ya 1927, ya kwao 1928. Miaka yote napita na daladala pale Posta sijawahi kujua, nimekuja kujulia Nairobi.

Kupanda juu ya KICC (jumba la mikutano ya kimataifa) nako usikose, jengo la 1973, ghorofa 28, ukifika juu unaona mji wote na upande mmoja mbuga ya wanyama inaanzia palepale nyumba zinapoishia. Nenda asubuhi kabla joto na vumbi havijapanda.

Haya, chakula. Ranalo pale Kimathi Street (wenyeji wanaita K'Osewe) ndiyo lanchi yangu, chakula cha Kijaluo. Agiza sato mzima wa mchuzi, ugali, na mboga ya osuga, ni mnavu huo jamani ila wao wanaupika na maziwa ule uchungu unaisha. Unanawa unakula kwa mkono, mawakili wenye suti wanakula kwa mkono, hakuna anayekuangalia. Samaki mmoja tuligawana wawili tukashindwa kumaliza. Jioni jaribu smokie barabarani, ni soseji iliyopashwa kwenye katoroli, kijana anaipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini bila kuikata vipande viwili, anasindilia kachumbari kwa ncha ya kisu hichohicho, anamwagia pilipili, anakukabidhi kwenye kakaratasi kadogo. Yote hayo sekunde chache tu na huku anachungulia kama kanjo (askari wa jiji) wanakuja. Mmoja alikimbia na chenji yangu kwa sababu hiyo, simlaumu.

Shopingi sasa. City Market iko Muindi Mbingu Street, dakika chache tu kutoka hotelini, mbele maua, ndani vinyago na viondo (vikapu), pembeni bucha na samaki. Usinunue meza ya kwanza. Bei unayotajiwa izidishe kwa kama ishirini upate shilingi yetu, utazinduka. Niliulizia bakuli la jiwe la Kisii (lile jiwe laini la kuchonga) nikatajiwa 3,500, nikaweka chini nikasonga. Meza ya ndani kabisa kulikuwa na mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mama, akacheka mpaka akaita jirani yake, "skia huyu, ametoka Tanzania!" Akataja 2,000, tukavutana, nikaondoka nalo kwa 1,200 na akaniongezea kiboko kadogo ka jiwe. Vinyago vya mpingo mimi sikununua, hivyo tunavyo Mwenge, na vingine ukivipekenyua unakuta ni rangi ya kiwi imepakwa kwenye mti mweupe. Jiwe la Kisii na kiondo cha mkonge ndiyo vya kubeba. Vikoi na leso nenda Biashara Street, ni hapo nyuma tu, maduka ya Wahindi ya miaka mingi, bei imeandikwa na haina stori nyingi. Kama uko Jumamosi kuna Maasai Market kwenye paking ya mahakama, vitu vingi zaidi ila kelele nazo zaidi, madalali wanakufuata na kalamu na karatasi wanaandika ulichopenda, wakatalie mapema.

Simu usishike mkononi ukitembea upande wa Tom Mboya Street, na sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti ukifika tu maana hata muuza njugu analipwa kwa M-Pesa. Na mawe ya Kisii ni mazito na yanapasuka, yazungushie kikoi uyabebe mapajani kwenye basi, usiyaweke kwenye buti, langu moja la buti lilifika Arusha vipande vitatu.