Uzoefu wangu: mfumo wa kufuatilia kibali cha ujenzi ulionikalisha kiangazi kizima

Neno "Inashughulikiwa" nimelitazama kwenye simu yangu asubuhi na jioni, tangu tunavuna viazi mpaka mvua za kwanza zikaninyeshea tofali zangu. Halikubadilika hata siku moja. Na muda wote huo hakuna aliyekuwa anashughulikia chochote.

Nianze na siku ya dirishani, maana ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mimi naishi Uyole hapa Mbeya, na vitenge vyangu nauzia Mwanjelwa. Kiwanja nilinunua mji mwingine, huku huku Nyanda za Juu Kusini, upande wa kwetu nilikozaliwa. Halmashauri yenyewe sitaitaja. Siku hiyo niliamka saa tisa usiku nikawahi basi la kwanza. Aliyewahi kusimama Uyole alfajiri anaijua baridi ninayoisema. Nilifika saa nne, nikakaa foleni mpaka zamu yangu. Dirishani kulikuwa na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Hakuinua uso. Shikamoo sikuingoja, nikamwanza mwenyewe: "Habari za kazi, baba. Nimekuja kuulizia kibali changu cha ujenzi."

"Angalia kwenye mfumo."

Nikamwambia nimeangalia, huu ni mwezi wa tatu neno ni lile lile. Nikamnyooshea simu aone. Hakuipokea. Akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Mama, kama kusoma hujui mtafute mtoto akusomee. Mfumo uko wazi. Anayefuata!"

Nina kidato cha nne. Nimesomesha watoto watatu kwa vitenge. Nilisogea pembeni na simu yangu mkononi, nikawa sijui nielekee wapi, na yule baba aliyekuwa nyuma yangu akajifanya anatazama ukuta ili asinione ninavyojizuia kulia. Hicho ndicho nilichokumbana nacho, na kila nitakachoandika hapa chini kina rangi ya siku ile. Siwezi kukisafisha.

Lakini haki ya huu mfumo niiseme pia. Kabla ya hapo, mimi nilikuwa mmoja wa waliousifia huu mfumo kuliko watu wote. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 nilipoteza mzigo na karatasi pamoja: leseni, risiti, makaratasi ya kizimba. Mzigo niliurudisha kidogo kidogo. Karatasi zilinitesa. Kila ofisi inakuuliza ushahidi wa kitu ambacho kimeshakuwa majivu, na wewe huna ila maneno ya mdomoni. Mwaka 2017 soko la SIDO, hapa hapa Mbeya, nalo likaungua, nikaona wenzangu wanapita njia ile ile niliyopita. Kwa hiyo mchoraji wangu wa ramani aliponiambia siku hizi kibali kinaombwa kwa simu, nyaraka zinapakiwa zinabaki humo na utafuatilia ukiwa dukani kwako, nilifurahi kwa moyo wangu wote. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima duka limefungwa, soda ya huyu na ya yule: nilidhani vyote vimekwisha.

Na mwanzo ulikuwa mzuri. Namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, barua ya toleo ya kumilikishwa kiwanja, ramani, risiti ya kodi ya ardhi, vyote viliingia jioni moja pale steshenari. Namba ya malipo ikaja papo hapo. Nikalipa kwa simu, na meseji ya kwamba malipo yamepokelewa ikaingia kabla sijatoka mlangoni. Hapo sina neno. Siku ile ungeniuliza ningekupa nyota tano.

Meseji ya malipo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuipata kutoka kwao kwa miezi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kwenye ubovu wenyewe. Baada ya yule kijana kunifukuza sikurudi stendi. Nilizunguka nyuma ya jengo, nikaulizia masjala, ofisi inayotunza mafaili. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, shali mabegani, daftari kubwa mbele yake na kompyuta pembeni. Akanitazama usoni, akanisalimia kikwetu, "Kamwene." Nilikuwa sijasalimiwa na mtu yeyote tangu niingie kwenye lile jengo. Akanivutia kiti.

Nikamtajia namba ya ombi. Akaiandika, akabonyeza, akatulia. Kisha akaigeuza ile kompyuta nisome mwenyewe.

Kwake palikuwa pameandikwa: "Imerejeshwa kwa mwombaji." Na sababu yake chini, sentensi moja: mchoro wa kiwanja hauoneshi shimo la maji taka litakuwa wapi na liko umbali gani kutoka mpakani. Afisa afya ndiye aliyelirudisha. Tarehe ilikuwa ya ile wiki ya kwanza niliyoomba.

Nikaweka simu yangu pembeni ya kioo cha kompyuta yake. Faili moja, namba moja, maneno mawili. Kwao ombi lilikuwa limesharudi kwangu na wananingoja mimi. Kwangu mimi nilikuwa nawangoja wao. Tulikuwa tunangojana hivyo kwa zaidi ya miezi miwili, na mfumo ulioletwa ili tuonane ndio uliotuficha.

Yule mama alinyamaza, kisha akasema polepole, "Dada yangu, hauko peke yako." Akafungua daftari lake akanionesha mstari wa majina aliyoyaandika kwa mkono, watu waliokuja kuuliza kama mimi. Sikuyasoma, si yangu. Niliona tu kwamba yalifika chini ya ukurasa.

Ndiye aliyenieleza faili linavyotembea. Linakwenda kwa watu wa ardhi wahakikishe kiwanja ni chako, linakwenda mipangomiji waone kama ni eneo la makazi na kama hujasogea mno kwenye mpaka wa jirani, linakwenda kwa mhandisi, linakwenda kwa afisa afya anayetazama choo, maji taka, madirisha. Kila mmoja ana lake na kila mmoja ana haki ya kulirudisha. Sikasiriki kurudishiwa. Shimo la choo kukaa karibu na kisima cha jirani ni ugonjwa, na huyo afisa afya kama angekuwapo ningemshukuru. Kinachonikasirisha ni kwamba meza zote hizo, kwa mwananchi, zimebanwa ndani ya neno moja. Huoni uko kwa nani. Huoni tangu lini. Sababu ya kurudishwa imeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, lakini imeandikwa upande wa ndani, ambako mimi siruhusiwi kuingia.

Mchoraji alirekebisha jioni moja. Mstari mmoja na kiduara.

Watu watasema kuchelewa ni jambo dogo. Njooni mlione huku kwetu. Mvua zetu ni msimu mmoja, zikianza Novemba hazina mchezo mpaka Aprili, Mei. Kujenga ni kiangazi. Vijana walishanifyatulia tofali, zimekauka, zimepangwa, zinangoja kuchomwa. Mtendaji wa mtaa alikuwa amenionya nisiwashe hata tanuru pale kiwanjani kabla karatasi haijatoka, na X nyekundu nimeziona kwenye kuta za watu, naijua maana yake: bomoa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka uombe kwanza ndipo ujenge, nami nikaomba kwanza. Jirani yangu wa kushoto hakuomba kitu. Alipandisha kuta, akafunga lenta, akaezeka. Mimi niliyetii nilikuwa nafunika tofali mbichi kwa turubai. Turubai liliondoka na upepo usiku, na asubuhi fundi akanipigia: "Mama, zimerudi kuwa udongo." Siyo zote. Lakini nusu na zaidi.

Halafu sasa, na hili linanichanganya kulisema, kibali kilikuja. Baada ya marekebisho zilipita kama wiki mbili, tatu hivi. Meseji iliingia usiku nikiwa nakunja vitenge. "Ombi lako limeidhinishwa." Nilikaa chini sakafuni. Nilipakua ile karatasi kwenye simu, ina jina langu, ina namba ya kiwanja changu, na hata soko likiungua kesho haitaungua. Nilimpigia mwanangu wa kwanza, tukalia wote wawili. Sikupanda basi kuifuata. Sikumwachia mtu ya soda. Wiki ile nzima ukinikuta dukani nilikuwa namwambia kila mteja kwamba mfumo ni mzuri, waombe, wasiogope. Nilitaka kuandika nyota nne. Nilishaanza kuandika.

Nimezifuta, na sababu ni hii.

Halmashauri hiyo hiyo inachagua mfumo mpya wa kufuatilia vibali. Waliwaita wananchi wachache kwenye kikao waone unavyofanya kazi, na yule mama wa masjala ndiye aliyenipendekeza. Nilifunga duka nikaenda. Mtaalamu wa kampuni akatuonesha ukutani: maombi ya mwezi kwa rangi, mapato kwa kata, ramani ya mji yenye vidoti, mkuu wa idara anaona faili zote akiwa amekaa ofisini. Wakubwa mbele wakafurahi, na kweli ni kitu kizuri. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mwanangu, naomba utufungulie upande wangu mimi. Mwombaji. Kwenye simu hii." Nikainua simu yangu ndogo, ile yenye kioo kilichopasuka.

Akasema upande wa mwombaji utakuja awamu ya pili.

Awamu ya pili! Mimi ndiye ninayefuatilia. Ni mimi nimelipa, tofali ni zangu, nauli ni yangu. Unauzaje mfumo wa kufuatilia ambao anayefuatilia hajatengewa hata ukurasa? Nikamuuliza jambo moja tu zaidi: afisa akiandika "Imerejeshwa" pamoja na sababu, mimi nitapata meseji yenye sababu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo? Akasema inawezekana kuongezwa. Nikaomba kwamba kabla hawajasaini chochote, faili la majaribio lirudishwe makusudi, na watu wa kawaida wakae pale na simu zao za kawaida na bando lao la kawaida, tuone meseji inafika au haifiki. Mwenyekiti akasema limepokelewa. Sikuona mtu akiandika.

Kuna wenzangu wanasema turudi kwenye daftari, na kwa wiki kadhaa za hasira nami nilisema hivyo hivyo. Daftari la yule mama lilinisaidia kuliko kompyuta. Lakini nikitulia najua si daftari lililonisaidia. Ni yeye. Akistaafu kesho, lile daftari litabaki kabatini na mimi nitarudi dirishani kwa yule kijana. Kwa hiyo hapana, sitaki karatasi zirudi. Nataka kile alichonionesha kwa kugeuza kompyuta, kila mtu akione bila kuhitaji mtu wa huruma wa kumgeuzia.

Nyota ngapi? Kwenye kulipa, tano. Kwenye karatasi ya mwisho, tano, na ndaga fijo, asante sana. Kwenye kufuatilia, ambako ndiko jina lake liliko, sitoi hata moja. Zile nne nilizoanza kuandika nimezirudisha.

Yeyote anayeomba sasa hivi, naomba afanye hivi: asiliamini lile neno. Wiki mbili zikipita bila kubadilika, apige simu au aende masjala, ataje namba, aombe asomewe kilichoandikwa upande wao. Na ahakikishe akaunti ina namba yake ya simu, siyo ya kijana wa steshenari.

Nyumba imefika kwenye lenta, nasubiri mvua zikatike niezeke. Mwezi huu nimeomba kibali cha uzio, kwenye mfumo ule ule. Mchoro safari hii nimeukagua mwenyewe, shimo lipo, vipimo vipo. Meseji ya malipo imeingia palepale. Leo ni siku ya kumi na sita, na simu inasema "Inashughulikiwa." Jumatatu nafunga duka, nakwenda kumwona mama wa masjala.