Viatu vya skwati nilivyouziwa Kariakoo, ndani mna boksi

Ukibonyeza kisigino cha kiatu cha kunyanyulia vyuma kwa kidole gumba kikabonyea, kirudishe palepale. Naanza na hilo kwa sababu hasira hazijaniisha.

Kifundo changu cha mguu ni kigumu kukunja. Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mgongoni kisha kusimama, nikishuka visigino vinanyanyuka, kifua kinalala mbele na mzigo wote unaishia kiunoni. Raba za kukimbilia ndiyo balaa zaidi, soli inadidimia na magoti yanayumba. Kisigino kigumu kilichoinuka sentimita 2 hivi kinaliachia goti liende mbele, kifua kikabaki wima. Na kweli, mwanzoni nilifurahi mno: nilishuka hadi nyonga zikapita usawa wa magoti, nikapanda nimetulia.

Jioni moja, niko chini kabisa na chuma mabegani, kisigino cha kushoto kikaachia. Namshukuru Mungu wenzangu walikuwa nyuma yangu, wakaudaka mzigo. Kuvua kiatu, soli imebanduka, ndani mna sponji ya njano kama ya godoro na kipande cha boksi kimekunjwa mara mbili. Boksi! Mtu ana chuma mabegani, amesimamia boksi!

Nikarudi dukani na risiti. Muuzaji hata kiatu hakukishika. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Dada, hivi ni vya wanaume wa mazoezi. Ungechukua raba za zumba, zile pale." Nikamwambia, "Kaka, nimeleta kiatu kibovu, habari za wanaume zimetoka wapi?" Akanigeuzia mgongo, akaanza kumhudumia mteja mwingine.

Nilitaka niseme viatu hivi ni takataka tupu, basi. Lakini sitasema uongo: ngozi ya juu ni imara, na ule mkanda unaopita juu ya unyayo unabana vizuri kuliko kamba. Fundi viatu wa mtaani kwetu alitoa uchafu wote akanichongea visigino vya mninga, akavibana kwa gundi na misumari. Wanyanyuaji wa zamani walivaa visigino vya mbao hivyohivyo. Sasa havibonyei hata kidogo, na skwati yangu haijawahi kuwa nzuri hivi. Kwa hiyo vinunue, ila uwe na fundi.

Hapana, nafuta hilo. Kwa nini nimlipe fundi amalizie kazi ya kiwanda? Usinunue. Kama kifundo chako kinakunja vizuri, au unaweka chuma chini kidogo mgongoni, raba za Converse za soli bapa zinakutosha kabisa. Mimi hela ya fundi naidai. Kile kipande cha boksi nimekitunza, na nitakwenda nacho mpaka nikutane na mwenye duka mwenyewe, si yule kijana wake.