Retoti ya chuma ya fundi wa kuchomelea: zebaki inarudi, imani je?

Tunaizungumzia retoti inayotengenezwa na mafundi wa kawaida kwenye senta za machimbo, hasa Geita na Kanda ya Ziwa: kikombe cha chuma kizito, kifuniko kinachobanwa kwa boliti, na bomba linalotoka juu ya kifuniko, likapinda na kushuka. Mchimbaji hutumia zebaki kunasa dhahabu, na hupata donge la vyote viwili. Donge hilo likichomwa kwenye moto wa wazi, zebaki yote huishia hewani. Inachemka nyuzijoto 357, na mvuke wake hauna harufu, ndiyo maana mtu anaweza kuchomea uani, watoto wakicheza pembeni, akaamini hajamdhuru yeyote. Ndani ya retoti mvuke huo hupita bombani, hupoa na kudondoka ukiwa zebaki tena. Iliyofungwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90.

Ubora wake unaamuliwa na fundi. Kataa bomba la maji lenye mng'ao wa zinki: likipata moto hutoa moshi wake mbaya, na zinki yenyewe hushikana na zebaki. Bomba la shaba au kifuniko cha alumini ndiyo usiguse kabisa, zebaki huvila. Chuma cheusi tupu, bila rangi ndani, kinatosha. Paka chaki kwenye mdomo wa kikombe, funga, kisha fungua. Alama ikikatika popote kifunikoni, hapo ndipo mvuke utakapotokea. Bomba liwe na urefu wa nusu mita hivi na literemke bila kubonyea, maana kila bonde ni maficho ya zebaki.

Matumizi si magumu. Kamua donge kwa kitambaa kizito mpaka zebaki ya ziada itoke. Hata likikamuliwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Lifunge kwa karatasi ili masizi yazuie dhahabu kugandia chuma. Usijaze kikombe kupita nusu. Ziba maungio kwa udongo wa mfinyanzi, anza na moto mdogo, kisha koleza, na kifuniko nacho kipate moto, la sivyo mvuke wa zebaki utapoa juu na kudondoka chini tena. Baada ya nusu saa hivi gonga bomba ili matone yaliyobaki yashuke. Acha ipoe kabisa kabla ya kufungua. Wenye haraka hufungua ikiwa moto, na hapo wanavuta usoni kile walichokuwa wanakikwepa.

Kosa la hatari zaidi liko kwenye ndoo ya maji. Wengi huzamisha mdomo wa bomba. Kikombe kikianza kupoa, hewa ya ndani hunywea na maji huvutwa juu mpaka kwenye chuma chenye moto mkali, inaweza kulipuka. Mdomo ukae juu kidogo ya maji, bomba lizungushiwe kitambaa kinacholowanishwa kila mara.

Kasoro kubwa, kwa maoni yetu, haimo kwenye chuma. Mwenye duara (shimo la kuchimbia), wachimbaji na mwenye shamba wote wana mgawo kwenye donge lile, na likichomwa kwenye karai la wazi kila mmoja anaona dhahabu ikigeuka rangi. Retoti ni kopo lililofungwa. Mnong'ono wa kwanza ni kwamba "chuma kinakula dhahabu", wa pili ni kwamba mchomaji anaila. Retoti ya kioo huondoa shaka hiyo, ila hupasuka kirahisi. Dawa ni mizani: pima donge mbele ya wote, kisha pima dhahabu na zebaki iliyorudi. Donge la gramu 20 likitoa jumla ya gramu 19, hesabu imekaa. Likitoa 16, kuna mahali panavuja, nenda kwenye udongo wa maungio kwanza. Kikundi kinachopima hadharani hivyo, tena kwenye kibanda kimoja mbali na nyumba na kisima, kinakuwa na la kuonyesha majirani na serikali ya kijiji wanapouliza. Kanuni za mazingira za uchimbaji mdogo za 2010 zinataka retoti, lakini jirani hasomi kanuni. Anaangalia moshi unatokea wapi.

Jambo jingine la kujua kabla ya kulipia retoti: dhahabu hutoka na rangi ya kahawia, na mnunuzi mjanja huitumia kushusha bei. Iyeyushwe kwa boraksi (unga wa kusafishia dhahabu wakati wa kuyeyusha), rangi inarudi. Ila bado imebakiza zebaki kidogo, ambayo hutoka dukani wakati wa kuyeyusha, kwa hiyo duka lisilo na dohani ya kuvuta mvuke linawarudishia wapangaji wa jirani tatizo lile lile. Zebaki iliyookolewa ihifadhiwe chini ya maji kwenye chupa nene yenye kizibo, si kwenye chupa ya soda.