Pesa iliyofika kabla ya maji

Naandika kuhusu huduma ya kutumiwa pesa wakati mafuriko bado yapo kwenye utabiri tu. Naishi kando ya mto, na msaada nimeupata mara mbili: kwanza baada ya maji kupita, halafu safari hii, siku nne kabla hayajafika.

Ule wa kwanza ulinikuta nimeshauza mbuzi wangu watatu kwa bei ya kutupa. Mnunuzi aliona nimelowa, akangoja nishuke bei. Mara hii ujumbe uliingia mchana jua likiwaka: mto utafurika, pesa hii ni yako, itumie utakavyo. Asubuhi yake nikakodi mkokoteni, na mwenye mkokoteni akanitajia bei ya siku zote, maana hakuna aliyekuwa anakimbia. Tukapakia gunia la mbegu, cherehani, kitanda cha mama, na mama mwenyewe juu ya godoro amekumbatia kuku wake. Mbuzi walitangulia kwa miguu.

Maji yaliacha tope hadi usawa wa dirisha. Cherehani ilirudi kazini wiki hiyohiyo.

Siri ni maandalizi. Walituandikisha wakati wa kiangazi, na kipimo cha mto cha kufungulia pesa kikawekwa mapema, kwa hiyo utabiri ulipokifikia hakuna aliyeitisha kikao. Wala hakuna aliyenidai risiti. Hata Bangladesh, Julai 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilizitumia kaya za kando ya mto Jamuna taka 4,500 (taka ni sarafu ya Bangladesh) kila moja kabla ya mafuriko kufikia kilele. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba kwa waliopata, uwezekano wa kushinda siku nzima bila kula ulikuwa mdogo kwa asilimia 36. Naamini kabisa.

Lakini wasimamizi wasikie na haya. Mawakala wa pesa za simu waliishiwa pesa taslimu kabla ya adhuhuri, watu wakalala foleni siku ambayo walitakiwa kuhama. Na orodha ni ya zamani. Jirani yangu ni mjane, laini yake imesajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, akaachwa. Nikapiga simu kwa niaba yake kwenye namba ya malalamiko. Walipokea vizuri, wakaandika kila kitu, na pesa yake ikaja kweli, kamili, maji yakiwa yameshapungua. Alikuwa ameshauza mabati.