SCRA: kinga nzuri ya madeni kwa askari wa Marekani, lakini haiji yenyewe

Kwa askari aliyeingia kazini akiwa tayari na deni la kadi au mkopo wa gari, sheria ya SCRA (Servicemembers Civil Relief Act, yaani ya nafuu za kiraia kwa wanajeshi) ya mwaka 2003 ni msaada wa kweli. Riba, pamoja na ada nyingi, hushushwa hadi asilimia 6 kwa mwaka. Kinachozidi hapo hakisogezwi mbele, kinafutwa, na rejesho la kila mwezi lazima lipungue kwa kiasi hicho. Kwa mkopo wa nyumba, nafuu huendelea mwaka mmoja baada ya utumishi kuisha.

Udhaifu wake ni kwamba lazima uiombe. Mwandikie mkopeshaji barua, ambatisha nakala ya amri ya kuitwa kazini, na uitume kabla siku 180 hazijapita tangu utumishi uishe. Ukichelewa hapo, umejinyima mwenyewe.

Wengi hukwama kwenye tarehe: deni ulilochukua ukiwa tayari kazini halimo. Hilo huangukia sheria ya MLA (Military Lending Act, ya mikopo kwa wanajeshi), yenye kikomo cha gharama ya mkopo cha asilimia 36 kwa mwaka, nayo haigusi mkopo wa kununulia gari ambalo lenyewe ndilo dhamana.

Kinachonivutia zaidi ni gari: kama ulilipa amana au hata rejesho moja kabla ya utumishi, haliwezi kukamatwa bila amri ya mahakama. Ila haki hii unaweza kuisaini iondoke. Karatasi ya namna hiyo ipeleke kwanza ofisi ya msaada wa kisheria kambini, hawatozi kitu.