Supachaja haina neno, walioniharibia ni wa klachi

Naandika bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Nina Yamaha Nytro, pikipiki ya theluji ya kupandia milima, na msimu uliopita niliifungia supachaja, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu zaidi, kwenye duka moja hapa Salt Lake, Utah, Marekani. Mambo ya hosipawa ngapi na presha ngapi tafuteni wenyewe, yamejaa kila mahali. Mimi nataka kuongelea klachi, kwa sababu ndo iliyonitesa, na pale dukani hakuna aliyefungua mdomo kunieleza kwamba ukiiongezea injini nguvu halafu klachi ukaiacha ilivyokuwa, hapo umenunua hasara.

Siku ya kwenda kuichukua, jamaa akainyanyua nyuma kwa stendi, treki, ule mkanda mpana wa chini unaokanyaga theluji, ikawa inazunguka hewani, akabonyeza mafuta ikalia vizuri, akasema imekaa sawa. Treki hewani! Hakuna theluji, hakuna mlima, hakuna mtu juu, utajuaje kama imekaa sawa? Nikamuuliza kwenye klachi umeweka vyuma vya gramu ngapi, akajibu "vilevile, vinatosha", macho yake yapo kwenye simu. Hata hakuniuliza naendeshea wapi. Salt Lake iko kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, mimi napanda milima ya Uinta, ile barabara ya Mirror Lake ambayo wakati wa baridi inafungwa kwa magari inabaki yetu, na pale Bald Mountain Pass ni zaidi ya mita 3,200. Injini isiyo na kitu cha kuisukumia hewa, ukiifikisha mita 3,000 imeshapoteza karibu theluthi ya nguvu zake, ndo sababu mtu unajikamua kununua supachaja. Sasa fundi wa milimani haulizi urefu wa mlima, anapima nini?

Kwa asiyejua, kwenye klachi ya mbele kuna vyuma vitatu vinavyorushwa nje injini ikizunguka, vinaibana belti inayopeleka nguvu kwenye treki ipande, na springi inavirudisha. Vikiwa vyepesi kuliko nguvu ya injini, injini inakimbia peke yake na belti inateleza. Ndo kilichonikuta mimi. Mteremko mkali, theluji ya unga mpaka kiunoni, nakandamiza mafuta kwa kidole gumba mpaka mwisho, mizunguko inapanda mpaka injini inajikata yenyewe, mashine haisogei kama kelele yake, mara paa! harufu ya mpira ulioungua na kimya. Nikafungua ubavu, belti imechanika vipandevipande na nyuzi zake zimejisokota nyuma ya klachi kama zimeshonwa, nimezichomoa kwa plaizi uzi mmoja mmoja vidole vimekufa ganzi, na juu yangu kuna theluji imening'inia ambayo ikiamua kuporomoka hakuna wa kunihadithia. Hapo ndo mjue kwa nini sichukulii hili jambo kama uzembe mdogo. Mtu anaweza kufa kwa sababu ya gramu kadhaa za chuma.

Nikawarudishia. Jamaa yuleyule akaniangalia juu mpaka chini, akaniambia wewe utakuwa unaendesha kwa kusitasita, ndo unaunguza belti, halafu akauliza, "kwenu kuna theluji kweli?" Nikamwambia kaka, klachi haijui kwetu ni wapi. Akanyamaza, akaichukua mashine kwa hasira, na nadhani hasira zake akazimalizia kwenye vile vyuma maana safari hii alivijaza uzito kupita kiasi, na akanitoza hela ya ufundi upya pamoja na belti.

Ikawa mbaya zaidi. Supachaja ya aina yangu inaendeshwa na injini yenyewe, tofauti na tabo inayosukumwa na moshi. Kwa hiyo upepo wake unafuata mizunguko. Klachi ikiwa nzito mizunguko inashuka, ikishuka na upepo unapungua, upepo ukipungua nguvu inapungua, mizunguko inashuka tena. Ukianza kuzama huibuki. Ilikuwa inapanda kama lori lililokosea gia mlima Kitonga, na mimi nimelipia supachaja! Siku ile niliapa naing'oa naiuza, na kama mngenisoma usiku ule ningewaambia msiguse kabisa hivi vitu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja tuliyekutana maegesho pale mji wa Kamas, mzungu wa makamo ana Nytro kama yangu, aliisikia tu inavyounguruma akaja mwenyewe. Kitu cha kwanza akasema izime, toa belti, shika klachi. Nikashindwa kuacha kiganja, ya moto. Akasema hiyo ni belti inateleza, klachi iliyokaa vizuri unaishika bila shida hata ukitoka kupanda. Akafungua kifuniko, akatoa vile vyuma, vya Yamaha vina vitundu vya kuwekea riveti, akanionyesha vyote vimejazwa riveti nzito mpaka nchani. Za nchani ndo zinashusha mizunguko ukiwa umefungua mafuta yote, za karibu na pini inayoshikilia chuma zinafanya kazi zaidi mwanzoni. Akagonga za nchani zikatoka, akaweka nyepesi, na kila chuma akakipitisha kwenye kamzani kadogo mpaka vyote vitatu vikalingana, maana visipolingana klachi inatetemeka. Mapande ya klachi yanayobana belti akayasugua makavu, hataki hata tone la oili. Alikuwa ananieleza kila anachofanya, na hakuniuliza natoka wapi mpaka tulipokuwa tunakunywa chai.

Jamani. Mlima uleule! Mizunguko ikashika namba moja kutoka chini mpaka juu, haipandi haishuki, na supachaja inapiga mluzi wake mfululizo. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Hicho ndo kitu nilicholipia, na kama una hela na unapanda kweli milima mirefu basi nunua, naifuta ile kauli ya kuing'oa. Ila nunua na seti ya riveti na springi za akiba, na jifunze kufungua klachi mwenyewe.

Juzi duka wamenitumia meseji niwape nyota. Nikaweka moja. Baadaye nikafikiria, kufunga supachaja yenyewe walifunga vizuri, mpaka leo hakuna paipu inayovuja wala bolti iliyolegea, haki yao ni haki yao, nikaweka mbili. Halafu nikaiona ile risiti, wameandika "marekebisho ya klachi kwa ajili ya milimani" na hela yake pembeni. Nimerudisha moja, na itabaki moja mpaka wanirudishie hela ya belti.