Uzoefu wangu wa treni ya umeme kutoka Dodoma: walio ndani ya behewa na walio ng'ambo ya uzio

Nimesafiri kwa treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam mara sita tangu safari za abiria zilipofika huku kwetu tarehe 25 Julai 2024, na safari ya karibuni niliongozana na mama yangu, mwenye umri wa miaka 76, ambaye hutembea kwa mkongojo. Wengi wameshaeleza juu ya kasi na usafi wa treni hii. Mimi ningependa kueleza jinsi inavyotunza mazingira na inavyowajali watu, kwa kuwa sifa hizo mbili husikika mara kwa mara lakini ni nadra kuzipima kwa macho ya abiria.

Nianze na mama. Kwa miaka mingi safari yake ya kwenda kliniki Dar es Salaam ilikuwa ya basi, saa saba au nane barabarani, na kila alipofika miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu havikuingia tena. Safari hii tulifika stesheni mapema, tukapanda kwa lifti, na mhudumu kijana akaja kutupokea mlangoni. "Shikamoo mama, karibu." Mama akaitikia, akaketi. Nilitaka kuupeleka mkongojo kwenye sehemu ya mizigo, lakini yule kijana akauchukua taratibu, akauegemeza kwenye kiti karibu na mkono wa mama, akasema, "Huu ni mguu wake, usikae mbali naye." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai huduma za umma zifikike kwa wote, nami nimeisoma; ila siku ile niliona jinsi inavyokuwa mtu anapoitekeleza bila kukumbushwa. Baada ya saa tatu na dakika kadhaa tulishuka Dar es Salaam, na viatu vya mama vilikuwa bado miguuni.

Kuhusu hewa, tofauti inaonekana wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye stesheni ya reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika Dodoma mwaka 1910, huku kichwa cha dizeli kikinguruma na moshi ukitanda juu ya abiria. Treni hii mpya, ambayo wengi tunaiita mchongoko kwa jinsi pua yake ilivyochongoka, haitoi moshi wowote inapopita. Hata hivyo, umeme nao una chanzo chake, na haifai tujisifu kana kwamba unatoka hewani. Reli inalishwa kwa njia maalumu ya kilovolti 220 inayoanzia Kinyerezi, Dar es Salaam, ambako umeme huzalishwa kwa gesi asilia, na gridi ya taifa sasa inategemea sana bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Bwawa hilo limejengwa ndani ya eneo la wanyamapori la Selous, lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na msitu mkubwa ulikatwa ili maji yapate nafasi. Binafsi naamini kusafirisha mamia ya abiria kwa umeme huo ni bora kuliko kuwagawa kwenye mabasi mengi ya dizeli, lakini gharama iliyolipwa na Rufiji ni sehemu ya bei ya tiketi yangu, na sitaki kuisahau kwa sababu tu haikuandikwa kwenye ile shilingi 31,000 ya nauli ya kawaida ya mwaka 2024.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni kati ya Gulwe na Kilosa. Mvua zilikuwa zimenyesha siku mbili mfululizo, na mto ulikuwa mwekundu, mzito kama uji wa ulezi, ukibeba magogo na vichaka vizima. Maji yale ni ya kwetu. Yanaanzia huku Dodoma, yanakusanyika katika Mto Kinyasungwe, yanapita Gulwe, na yakikaribia Kilosa yanaitwa Mkondoa. Wekundu ule ni udongo wa mashamba na malisho ya Kongwa na Mpwapwa, ambako miti imekatwa kwa ajili ya mkaa na milima imebaki mitupu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya bonde hilo yaliibomoa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na familia nyingi za Kilosa zikapoteza makazi. Reli mpya imepandishwa juu zaidi na kupitishwa kwenye mahandaki ndani ya milima, hivyo sisi tulipita salama, mama akisali kimyakimya kila giza la handaki lilipotufunika. Lakini kupandisha reli hakukuupunguza mto. Reli ya zamani bado iko bondeni, na wakulima wa Kilosa bado wako bondeni. Ningependa sana kuona sehemu ya mapato ya treni hii ikirudi kwenye vyanzo vya Kinyasungwe kwa kupanda miti na kutengeneza matuta, kazi ambayo mkoa wetu unaifahamu tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanza mwaka 1973 na kuiponya ardhi ya Kondoa iliyokuwa imechimbika kwa makorongo.

Nina shangazi anayeishi upande wa Igandu, kati ya Dodoma na Gulwe, mita chache kutoka kwenye uzio wa reli. Ng'ombe wake wanane hulala upande mmoja na kunywa maji upande wa pili. Zamani alikatiza moja kwa moja; sasa huwaswaga kando ya uzio hadi kwenye kivuko cha chini, kisha hurudi umbali uleule kwa upande wa pili. Sisemi uzio ni kosa, kwa kuwa treni ya kilomita 160 kwa saa ikikutana na ng'ombe mmoja ni msiba kwa wote. Nasema tu kwamba usalama wetu sisi abiria unalipiwa kwa miguu ya shangazi kila asubuhi, na vivuko vingeongezwa kwa kuwauliza wafugaji wenyewe njia za mifugo zilipo. Alipotwaliwa kipande cha shamba alilipwa fidia, naye halalamiki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kwa kila mwenye shamba kando ya njia hii maneno hayo matatu ndiyo kipimo cha kwanza cha uwajibikaji, kabla ya kuhesabu moshi uliopungua.

Wapo pia waliokuwa wakiuza ndizi, kuku na mayai ya kuchemsha madirishani mwa treni ya zamani. Madirisha ya treni hii hayafunguki, na haiwezekani yafunguke. Lakini ndani ya behewa nilinunua biskuti na juisi za viwandani, wakati karanga za Dodoma na zabibu zetu zinaivia kando ya reli ileile. Kuvipa vikundi vya akina mama wa Gulwe na Kilosa nafasi ya kuuza bidhaa zao kwenye mabehewa, zikiwa zimefungwa vizuri kwenye karatasi, ni jambo linalowezekana kabisa.

Kwa mwenye mzazi mzee, mgonjwa au mtoto mdogo, nashauri apande treni hii bila wasiwasi, aje na kitambulisho, na apange mapema usafiri wa kwenda au kutoka stesheni ya Dodoma, maana ipo nje ya katikati ya mji.

Shangazi bado hajaipanda. Treni ya haraka tuliyopanda na mama haikusimama Igandu, hivyo angelazimika kuja kwanza Dodoma kwa basi, kisha aketi dirishani na kupita nyuma ya nyumba yake mwenyewe kwa sekunde chache. Nimemwahidi tiketi ya mwezi ujao. Ameuliza nani atawapeleka ng'ombe majini siku hiyo.